Njia Fupi, Ardhi ya Wengine: Historia ya Mitaa ya Kutembea kwa Miguu Mjini Kampala

Wataalamu wa mipango miji siku hizi husifu mtaa ambao mkazi wake anaweza kufika shuleni, dukani na kwenye zahanati kwa miguu. Huuzungumzia kana kwamba ni jambo jipya. Mimi natoka Kampala, na katika insha hii nataka kuonyesha kwamba mji wetu umewahi kupangwa kwa ajili ya watembea kwa miguu angalau mara mbili. Mara zote mbili njia zilikuwa nzuri, lakini mtembeaji hakuwa na haki ya kudumu juu ya ardhi aliyoikanyaga. Naona hilo ndilo funzo kubwa la historia hii.

Mara ya kwanza ilikuwa kabla ya ukoloni. Mji mkuu wa Buganda uliitwa kibuga. Kabaka aliweza kuuhamisha kutoka kilima kimoja hadi kingine, lakini mpangilio wake haukubadilika sana. Jumba la mfalme, yaani lubiri, lilikaa juu ya kilima, na barabara pana zilitoka humo kuelekea pande zote za nchi. Chifu wa kila saza alipewa kiwanja upande wa mji ulioelekea saza lake, na watu wake wakajenga karibu naye. Henry Morton Stanley, aliyefika mwaka 1875 wakati wa Mutesa I, aliandika kwa mshangao juu ya upana wa barabara hizo. Tukumbuke kwamba Buganda haikuwa na magari ya magurudumu wakati huo. Upana ule ulikuwa wa watu: wapagazi, wajumbe, wanajeshi na misafara ya machifu.

Hata hivyo, sipendi kuusifu mji huo kupita kiasi. Barabara zilifagiliwa na kutengenezwa kwa kazi ambayo raia hawakuweza kuikataa. Mtu wa kawaida alikaa mjini kwa sababu ya chifu wake, na chifu akikosana na Kabaka, aliweza kupoteza cheo na kiwanja siku moja. Njia zilikuwa fupi na safi, lakini zote zilielekea kwa mtawala mmoja.

Baadaye walikuja Waingereza. Kapteni Lugard alijenga ngome yake mwaka 1890 kwenye kilima tunachokiita leo Old Kampala, na mji wa kikoloni ukapanda hadi Nakasero. Kibuga cha Mengo kilibaki nje ya mipaka yake, chini ya serikali ya Kabaka. Mwaka 1913 daktari W. J. Simpson alitumwa kuchunguza hali ya afya ya miji ya Afrika Mashariki. Alishauri kwamba Wazungu, Wahindi na Waafrika wakae sehemu mbalimbali, na kati yao kuwe na uwanda usiokaliwa na mtu. Sababu iliyotolewa ilikuwa magonjwa. Ukisimama leo katika bonde la Kitante, kati ya Nakasero na Kololo, utaona uwanja mpana wa gofu. Ni mahali pazuri, lakini ni rahisi kuelewa jinsi bonde kama hilo lilivyoweza kutenganisha watu bila kuhitaji ukuta.

Wakati huohuo nchini Marekani lilizaliwa wazo lingine. Mwaka 1929 Clarence Perry alichapisha, ndani ya mpango wa eneo la New York na vitongoji vyake, maelezo ya mtaa mmoja unaojitosheleza. Kipimo chake kilikuwa shule ya msingi. Idadi ya wakazi iwe ile inayoweza kujaza shule moja, na shule ikae katikati. Kutoka katikati hadi ukingoni kuwe na robo maili, yaani kama mita 400, ambayo ni mwendo wa dakika tano. Barabara kubwa zipite pembeni, na maduka yawe kwenye njia panda za ukingoni. Perry aliishi katika zama ambazo magari yaliua watoto wengi mitaani. Alitaka mtoto aende shule na kurudi bila kuvuka barabara kubwa hata moja.

Mawazo ya aina hiyo yalifika Kampala kupitia Ernst May. Alikuwa msanifu majengo Mjerumani aliyejipatia sifa kwa mitaa ya wafanyakazi aliyoisimamia Frankfurt kuanzia 1925. Baada ya kufanya kazi Umoja wa Kisovyeti, alihamia Afrika Mashariki mwaka 1934. Mwaka 1945 serikali ya Uganda ilimpa kazi ya kupanga upanuzi wa Kampala kwenye vilima vya Kololo na Naguru. May aligawa vilima katika mitaa midogo, akafuata kontua za mlima badala ya kuchora mistari iliyonyooka, na akaacha mabonde yawe ya kijani. Lakini mpango wake ulikubali ubaguzi wa wakati ule: kila rangi na mtaa wake. Hapo kipimo cha Perry kilibadilika maana. Ukanda wa kijani uliokusudiwa kumkinga mtoto dhidi ya gari ulifaa pia kumweka Mwafrika mbali na jirani Mzungu.

Mpango huo haukutekelezwa wote. Hata hivyo, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 serikali ilijenga nyumba za kupanga za Waafrika huko Nakawa na Naguru, takribani kilomita tano mashariki ya katikati ya mji. Waswahili husema nyumba njema si mlango, na mtaa huu nao haupimwi kwa ramani yake. Mwanaanthropolojia David Parkin, aliyechunguza mitaa hiyo miwili katika miaka ya 1960, alikuta watu wa makabila mengi, wakiwemo Wajaluo na Waluhya kutoka Kenya, wakiishi mlango kwa mlango. Kiswahili kilikuwa mojawapo ya lugha walizochagua kuzungumzia. Kwetu sisi wanafunzi wa lugha hii jambo hilo si dogo. Watu wanaopishana kila siku kwa miguu hulazimika kupata lugha ya kusalimiana. Kwa maneno mengine, mtaa uliochorwa kwa nia ya kubagua uligeuzwa na wakazi wenyewe kuwa mahali pa kukutana.

Lakini walikuwa wapangaji. Mwezi Julai 2011 nyumba za Nakawa na Naguru zilibomolewa ili kupisha mradi wa mji mpya wa kisasa, ingawa wakazi walikuwa wamepinga kwa muda mrefu. Familia zilitawanyika. Miaka ilipita na mji ulioahidiwa haukusimama. Ukaribu wa shule, soko na jirani uliojengeka kwa zaidi ya miaka 60 uliondoka kwa siku chache, kwa sababu aliyeutumia hakuwa mwenye ardhi. Kololo bado ipo, na barabara zake zinafuata kontua na zina kivuli kizuri. Ila nikipita huko naona kuta ndefu na malango yaliyofungwa, na wengi wanaotembea ni walinzi na wafanyakazi wa nyumbani wanaolala mitaa mingine.

Kwa hiyo siwapingi wanaotaka mitaa ya kutembea kwa miguu. Watu wengi wa Kampala hutembea kila siku, tena kwenye njia mbaya, na dakika tano za Perry zingewafaa sana. Ninachopinga ni kuhesabu hatua tu. Mpangaji miji anapotuonyesha duara lake kwenye ramani, tumuulize pia nani atakuwa bado anaishi ndani ya duara hilo baada ya miaka 20. Kama hawezi kujibu, basi amepanga njia nzuri ya watu watakaofukuzwa.