Nani Atairudisha Kumbukumbu? Historia Fupi ya strdup katika Lugha ya C

Mwaka jana, hapa Kampala, programu yangu ya daftari la majina ilizimika usiku wa kuamkia siku ya kuiwasilisha. Tulikuwa tumekatazwa kutumia strdup kwa sababu haikuwamo katika kiwango rasmi cha lugha ya C tulichofundishwa. Basi nilijiandikia ya kwangu: nikahesabu herufi za jina, nikatenga nafasi hiyo hiyo, nikasahau baiti ya sifuri inayofunga jina. Baiti moja ilininyima alama, ikaniachia swali: kwa nini kazi ndogo kama hii ilikawia kuingia katika kiwango?

Jibu linaanzia kabla ya C. Katika lugha ya BCPL, aliyoibuni Martin Richards mwaka 1967, idadi ya herufi ilitunzwa mwanzoni mwa maneno yenyewe. Ken Thompson alipotengeneza lugha ya B katika maabara ya Bell, aliiacha idadi hiyo, akaweka alama ya kufungia mwishoni. Dennis Ritchie aliuendeleza utaratibu huo katika C. Faida yake ni kwamba urefu haukubanwa tena na ukubwa wa baiti moja. Hasara yake ni kwamba kila anayenakili lazima ahesabu upya, kisha aongeze moja.

Kiwango cha kwanza cha C kilitoka mwaka 1989. strcpy ilikuwamo, strdup haikuwamo. Ukizichunguza funksheni za string.h za wakati ule, hakuna hata moja inayotenga kumbukumbu. Zote hutumia nafasi aliyoileta mwitaji. strdup inavunja desturi hiyo: huita malloc kimyakimya, kisha hukuachia deni la kulipa kwa free. Wahenga walisema, kukopa harusi, kulipa matanga.

Miradi mikubwa ililijibu swali la deni kila mmoja kwa njia yake. Kiini cha Linux kina kstrdup, ambayo hudai pia uiambie, kwa alama kama GFP_KERNEL au GFP_ATOMIC, kama inaruhusiwa kusubiri kumbukumbu ipatikane. PostgreSQL ina pstrdup, inayochukua nafasi katika muktadha wa kumbukumbu unaotumika wakati huo. Muktadha ukifutwa, nakala zote huondoka pamoja. Maktaba ya Apache ina apr_pstrdup, ambayo hupewa bwawa la kuchotea. Nakala iliyotoka katika bwawa haipelekwi kwa free. Ukiipeleka, umelipa deni kwa asiyekukopesha.

Hatimaye strdup na strndup ziliingia katika kiwango cha C23, kilichochapishwa mwaka 2024. Wengine husema huo ulikuwa uzembe wa miaka 35. Mimi sikubaliani nao. Kunakili ni rahisi. Kukubaliana nani atarudisha ndiko kugumu, na hata C23 haikulimaliza suala hilo, kwa kuwa strdup yake hurudisha nafasi ya kuachiliwa kwa free tu. Ndiyo maana kstrdup na wenzake bado wanahitajika.

Programu yangu nimeiandika upya. Funksheni yangu sasa hupokea mtengaji kama hoja, huomba urefu na moja zaidi, hukagua kama imenyimwa, ndipo inakili. Juu yake nimeandika sentensi moja inayosema nani ataiachilia nakala. Sentensi hiyo ndiyo iliyokosekana usiku ule, hata kabla ya ile baiti.