Alama Moja Pungufu

Miaka kadhaa nyuma niliandika uhakiki wa riwaya kwa ajili ya gazeti moja. Maneno kama 900 hivi, niliyahangaikia wiki nzima. Mhariri akanijibu kwa mstari mmoja: nzuri, ila hujaweka nyota. Nyota ngapi kati ya tano? Nikakaa na simu mkononi, nikaandika tatu na nusu, nikatuma. Tangu siku hiyo kila aliyenitajia ule uhakiki alinitajia tatu na nusu. Mwandishi mwenyewe wa riwaya tulipokutana aliniuliza ile nyota moja na nusu iliyobaki nimempelekea nani. Nilicheka, lakini jibu sikuwa nalo, maana hata zile tatu sijui nilizitoa wapi.

Ukitaka kuona tabia hii ya kuipa kazi ya sanaa namba inaweza kufika umbali gani, usiangalie vitabu, wala filamu. Angalia gemu za video. Huko namba ilianza kama msaada kwa mtoto mwenye hela ya kununua gemu moja tu, na ndani ya miaka thelathini hivi ikawa inaamua bonasi za watu wazima wenye kodi za nyumba za kulipa.

Tuanzie Ludlow, mji mdogo wa Uingereza karibu na mpaka wa Wales. Hapo, Februari 1984, lilitoka toleo la kwanza la jarida la Crash, kwa ajili ya wenye kompyuta aina ya ZX Spectrum. Gemu zilikuwa zinauzwa kwenye kaseti, hizihizi kaseti tulizosikilizia muziki, na gemu ya kawaida ilikuwa pauni tano au sita. Kwa mtoto wa shule hiyo ni akiba ya wiki kadhaa. Na jalada lilikuwa halisemi ukweli hata kidogo: nje kachorwa shujaa na joka la moto, ndani ni vidoti vinavyorukaruka.

Crash wakafanya jambo la akili. Walichukua wanafunzi wa shule za palepale mjini wakawafanya wahakiki. Gemu moja ilichezwa na watu kadhaa, kila mmoja akaandika aya yake, na mara nyingi aya hazikukubaliana. Baada ya hapo ndipo zikaja asilimia: michoro, uchezekaji, uwezo wa kukunasa, thamani ya hela yako, halafu ya jumla. Gemu zilizofanya vizuri sana zilipewa muhuri wa Crash Smash, na watoto wakakimbilia madukani.

Japani kukawa na utaratibu wa kufanana na huo. Jarida la Famitsu, lililoanza 1986, liliketisha wahakiki wanne kwa gemu moja. Kila mmoja alitoa alama kati ya 10 na mistari michache ya maelezo, jumla 40. Ilifika 1998 ndipo gemu ya kwanza ilipopata 40 kamili: The Legend of Zelda: Ocarina of Time. Ninachopenda kwenye mfumo ule ni kwamba ugomvi ulibaki wazi mbele ya msomaji. Ukiona 9, 8, 5, 8, unajua kuna mtu mmoja hapo kakasirika, na unaenda kusoma kwa nini.

Sisi tuliokulia mabanda ya gemu ya mtaani hatukuyaona majarida haya. Kipimo chetu kilikuwa foleni. Gemu ambayo watoto wako radhi kuisubiri juani huku wameshika sarafu, hiyo ndiyo nzuri, na mwenye banda hakuhitaji asilimia kujua diski ipi ainunue tena ikikwaruzika.

Lakini huko kwenye majarida namba zilianza kupanda zenyewe, kama bei. Majarida yaliishi kwa matangazo, na watangazaji walikuwa haohao wenye gemu. Taratibu 70 ikawa lugha ya adabu ya kusema gemu ni mbovu. Jarida la Amiga Power la Uingereza, lililoishi kuanzia 1991 hadi 1996, lilijaribu kugoma: likasisitiza kuwa gemu ya kawaida inastahili 50, kwa sababu hamsini ndiyo katikati ya mia. Hesabu ya darasa la tatu, lakini kampuni ziliiona kama tusi.

Kuna uhakiki mmoja wa zama hizo ambao nimeupenda kuliko yote. Mwaka 1994 jarida la Edge liliipa Doom alama 7 kati ya 10. Doom, gemu iliyobadilisha kila kitu, unazunguka kwenye mahandaki unaua mapepo. Mhakiki, ambaye kwa desturi ya Edge hakutajwa jina, aliisifu, kisha akalalamika kwamba ingekuwa raha kama mtu angeweza kuzungumza na yale majitu, kufanya nayo urafiki, kuunda ushirika. Basi akachekwa! Kwa miaka na miaka wapenzi wa gemu waliirudia ile sentensi kama kichekesho. Eti uzungumze na mapepo. Halafu mwaka 2015 Mmarekani Toby Fox akatoa Undertale, gemu ambayo unaweza kuongea na kila jitu unalokutana nalo badala ya kuliua, na watu wakalia machozi. Kwa hiyo ile 7 imezeeka vibaya, hakuna ubishi, lakini sentensi iliona mbali. Kama Edge wangechapisha namba peke yake, leo tungekuwa na kosa tu.

Na namba peke yake ndicho kilichokuja. Januari 2001 Marc Doyle, ndugu yake Julie Doyle Roberts, na Jason Dietz walifungua tovuti ya Metacritic huko Marekani. Wazo ni rahisi na, kwa kweli, lina manufaa: kusanya hakiki zote za gemu moja, geuza alama zake ziwe kati ya 100, toa wastani, paka rangi. Kijani kuanzia 75, njano katikati, nyekundu chini ya 50. Vyombo havihesabiwi sawa. Kuna vyenye uzito zaidi, na tovuti haisemi ni vipi wala kwa kiasi gani. Aliyeandika nyota, aliyeandika herufi, aliyeandika asilimia, wote wanaingia kwenye kinu kimoja.

Tatizo la kinu unaliona vizuri kwenye Deadly Premonition, gemu ya Kijapani ya mwaka 2010. Ina picha mbovu, magari yanaendeshwa kama mikokoteni, na hadithi ya ajabu kuhusu mpelelezi anayeongea na mtu asiyeonekana. Tovuti ya IGN ya Marekani iliipa 2. Destructoid wakaipa 10. Wastani wa hao wawili ni 6, na 6 maana yake gemu ya hivihivi, isiyokera wala kufurahisha. Hakuna hata mmoja kati yao aliyesema hivyo. Wote wawili walikuwa wanasema ni gemu ambayo hujawahi kuona mfano wake.

Sasa tuje kwenye watu walioumia.

Novemba 2007 Jeff Gerstmann, mhariri wa muda mrefu wa tovuti ya GameSpot, aliipa Kane & Lynch: Dead Men alama 6. Siku hizohizo kurasa za GameSpot zilikuwa zimefunikwa na matangazo ya gemu hiyohiyo. Akafukuzwa kazi. Tovuti ilikana kwamba mtangazaji alihusika, naye alikuwa amefungwa mdomo na makubaliano ya kisheria. Ilibidi kusubiri hadi 2012 ndipo alipoweza kueleza hadharani kwamba ndiyo, uongozi ulikuwa umebanwa na watangazaji kuhusu alama, na si kwa gemu hiyo moja tu. Hebu fikiria, 6. Siyo 2. Kwenye kipimo cha kumi, sita ni zaidi ya nusu, na mtu alipoteza kazi kwa sababu yake.

Upande wa pili wa meza kuna Obsidian, studio ya California iliyotengeneza Fallout: New Vegas kwa ajili ya kampuni ya Bethesda. Walipewa kama mwaka mmoja na nusu, muda mfupi sana kwa gemu ya ukubwa ule. Ikatoka Oktoba 2010. Wahakiki waliandika karibu kitu kimoja: hadithi imeandikwa kwa ustadi, makundi yanayogombea jangwa la Mojave yana hoja za kweli, uamuzi wako una uzito, ila gemu inaganda, inajizima, wakati mwingine inapoteza ulichohifadhi. Metacritic ikaonyesha 84 kwenye Xbox 360 na kwenye kompyuta.

Machi 2012, siku ambazo Obsidian walikuwa wametoka kupunguza wafanyakazi, mmoja wa waanzilishi wake, Chris Avellone, alimjibu mtu kwenye Twitter. Alisema mkataba wa New Vegas ulikuwa wa malipo ya mara moja. Hakuna mgao wa mauzo. Kulikuwa na bonasi tu, kama gemu ingefikisha 85 kwenye Metacritic. Haikufikisha.

Fanya hesabu kidogo. Tuseme hakiki ziko 80, na tusahau mambo ya uzito. Ili 84 iwe 85, inatosha wanane kati yao waliotoa 8 wangetoa 9. Wanane tu. Na mtu yeyote aliyewahi kuandika uhakiki anajua tofauti ya 8 na 9 inatokea wapi: umelala vizuri au la, gemu imeganda mara mbili au mara moja, mhariri anataka makala saa tisa. Mimi ile nusu nyota yangu niliitoa nikiwa nimesimama kituo cha daladala.

Simlaumu mhakiki hata mmoja kati ya wale. Hitilafu zilikuwepo, na mnunuzi alikuwa na haki ya kuambiwa. Ndiyo kazi ileile ya watoto wa Ludlow. Wao walikuwa wanamwandikia mnunuzi, na hawakujua kuna barua nyingine, ya mkataba, inayotumia maandishi yao kama sahihi. Aliyeandika kifungu kile ndiye alipaswa kuulizwa.

Usidhani kampuni zilijifunza. Wafanyakazi wa CD Projekt, kampuni ya Poland, waliotengeneza Cyberpunk 2077 nao walifungiwa bonasi kwa sharti la angalau 90 Metacritic. Gemu ilitoka Desemba 2020. Kabla ya siku hiyo wahakiki walipewa toleo la kompyuta tu, lililokuwa afadhali, na alama za mwanzo zikawa za juu. Walionunua la PlayStation 4 wakakuta balaa, na siku chache baadaye Sony wakaiondoa kabisa dukani kwao. Alama ya toleo lile ikaja kuwa chini ya 60. Uongozi, na hapa niwape haki yao, ukaondoa lile sharti na kuamua wafanyakazi walipwe.

Wapo waliojaribu kuziacha namba. Eurogamer ya Uingereza ilifuta alama Februari 2015, ikabaki na maneno machache, kama vile kusema gemu inapendekezwa au iepukwe. Mwaka 2023 wakarudi, safari hii na nyota tano. Nilipoisoma ile habari nilimkumbuka mhariri wangu. Msomaji anataka kitu cha kushika, na mimi mwenyewe nikienda kununua friji naangalia nyota kwanza, maelezo baadaye, kama nikiyasoma.

New Vegas yenyewe imekuwa na bahati ya uzeeni. Viraka vilitolewa, wachezaji wakatengeneza vya kwao, hitilafu nyingi zikapona, na leo ukikusanya wapenzi wa Fallout chumba kimoja wengi watakuambia hiyo ndiyo bora kuliko zote. Microsoft waliinunua Obsidian mwaka 2018, na mwaka 2021 wakainunua ZeniMax, mama wa Bethesda, kwa hiyo aliyeikosa bonasi na aliyeizuia wanalipwa na tajiri mmoja. Metacritic, kwa sera yake, huchukua alama ya kwanza aliyochapisha mhakiki na haikubali ibadilishwe baadaye, ili kampuni zisipate mwanya wa kumbana mtu airekebishe. Nikimfikiria Gerstmann naona sera hiyo ni ya haki. Kwenye ukurasa wa New Vegas bado pameandikwa 84.