Kichocheo Kikiwa Kazini

Kiwanda cha Oppau, Ujerumani, kilipoanza kutengeneza amonia mwaka 1913, hakuna aliyejua ni nini hasa kilichotendeka juu ya chuma kilichoiwezesha kazi hiyo. Alwin Mittasch wa BASF alikuwa amekipata kichocheo chake kwa kujaribu maelfu ya michanganyiko, hadi madini kutoka Gällivare, Sweden, yakamwelekeza kwenye chuma kilichotiwa alumina na potasi kidogo. Gesi zilizoingia zilipimwa, amonia iliyotoka ikapimwa. Katikati palikuwa giza. Mtu anaweza kuuliza, na kwa haki kabisa: mbolea ilipatikana, hasara iko wapi? Hasara ni kwamba ufanisi wa aina hiyo haufundishi lolote kuhusu kichocheo kinachofuata. Lakini hata kukitazama hakutoshi, kwani kichocheo kilichotulia huweza kuwa kitu kingine kabisa kinapoanza kazi.

Mlango ulifunguliwa na mionzi ya infraredi. Mwaka 1954 Robert Eischens na wenzake, katika maabara ya Texaco huko Beacon, New York, walichukua vipunje vya platinamu vilivyotawanywa kwenye unga wa silika, laini kiasi cha kupitisha mionzi, wakaviachia kaboni monoksidi. Molekuli iliyoshikwa na atomu moja ya platinamu hutikisika tofauti na iliyoshikwa na mbili: ya kwanza hufyonza mionzi karibu na mawimbi 2,070 kwa sentimita, ya pili karibu na 1,850. Kwa mara ya kwanza gesi ilionekana ilivyokalia metali. Ila ilikuwa imekaa tu. Kenzi Tamaru wa Japani ndiye aliyeshikilia kwamba vilivyonata juu ya kichocheo vipimwe wakati uleule mmenyuko unapoendelea, na kwa maoni yangu jina lake hutajwa mara chache kuliko linavyostahili.

Kumpinga Tamaru, wapo watakaomtaja Gerhard Ertl, aliyepata Nobel mwaka 2007. Alichunguza fuwele safi za chuma ndani ya ombwe, mbali na joto na kanieneo ya kiwanda, na bado akabainisha kwamba hatua ya polepole katika kutengeneza amonia ni kuvunjika kwa molekuli ya nitrojeni. Ni kweli, na ni hoja nzito. Lakini rutheniamu haikuwa na huruma hiyo. Katika ombwe ni mvivu wa kugeuza kaboni monoksidi kuwa kaboni dioksidi. Kanieneo ikipanda, inakuwa hodari. Mwaka 2000 Herbert Over na wenzake, Ertl mwenyewe akiwamo, walionyesha kwamba oksijeni inaweza kuugeuza uso wake kuwa oksidi, na oksidi hiyo ndiyo yenye bidii. Wengine waliendelea kubishana ni hali ipi hasa ya uso inayofanya kazi, lakini ubishi wenyewe usingeweza kuamuliwa ndani ya ombwe.

Pingamizi kali zaidi ni jingine: kinachoonekana si lazima kiwe ndicho kitendacho. Ethilini inapoongezewa hidrojeni juu ya platinamu, uso hujaa masalia yaitwayo ethilidini. Mwaka 1996 Paul Cremer, Gabor Somorjai na Ron Shen walimulika miale miwili ya leza mmenyuko ukiendelea, wakakuta ethilidini haihusiki. Kazi ilifanywa na ethilini chache zilizoshikwa kilegevu. Ni kama stendi ya mabasi: wanaojaa mlangoni si wote wasafiri.

Ndiyo maana Miguel Bañares na wenzake, mwanzoni mwa miaka ya 2000, walidai spektra za mionzi na kasi ya mmenyuko vipimwe pamoja, katika chombo kimoja. Mbinu hiyo wakaiita operando, na mwaka 2003 ikafanyiwa kongamano Lunteren, Uholanzi. Chombo chenye dirisha la kupitisha mionzi mara nyingi huwa na kona ambamo gesi hupita bila kukigusa kichocheo. Kasi iliyopimwa humo hulinganishwa na ya tanuri la kawaida. Zikiachana sana, chombo ndicho huundwa upya kwanza, kabla ya mtu kuanza kuzisoma spektra.