Wenger: Nusu ya Pili ya Kisu cha Jeshi la Uswisi

Kisu chekundu cha kukunja chenye msalaba mweupe huchukuliwa na wengi kuwa kitu kimoja: kisu cha jeshi la Uswisi. Kumbe kwa karibu karne nzima kilitengenezwa na viwanda viwili vilivyokuwa vikishindana. Victorinox, kilichoko Ibach, bado kinatengeneza. Wenger, cha Delémont, kimebaki jina la saa na mabegi. Visu vyake havitoki tena, na ndiyo maana vinatafutwa.

Chanzo cha kisu chenyewe ni bunduki. Jeshi la Uswisi lilipokea bunduki ya Schmidt-Rubin ya mwaka 1889, ambayo askari hakuweza kuifungua na kuisafisha bila bisibisi. Askari huyohuyo alikuwa ameanza kula chakula cha makopo. Ikaamuliwa apewe kisu kimoja chenye ubapa, kitoboleo, kifungua kopo na bisibisi, mpini wake wa mti mweusi. Uswisi yenyewe haikuwa na kiwanda cha kuimudu kazi hiyo, hivyo visu 15,000 vya kwanza vikafuliwa Solingen, Ujerumani. Karl Elsener, mfua visu wa Ibach na mwanzilishi wa Victorinox, aliingia mwaka 1891 ili kazi irudi nyumbani. Miaka miwili baadaye kampuni ya Paul Boéchat, ya bonde la Delémont, nayo ikaanza kutengeneza. Meneja wake, Théodore Wenger, hatimaye aliinunua na kuipa jina lake.

Mwaka 1908 serikali iligawa oda ya jeshi nusu kwa nusu. Ibach ni upande wa wasema Kijerumani na Delémont ni upande wa wasema Kifaransa, na serikali haikutaka kunung'unikiwa kwamba inapendelea. Yamkini ilitarajia pia kuwa wauzaji wawili wangeshusha bei. Uamuzi huo wa kisiasa ndio uliozaa ulimwengu wote wa wakusanyaji wa leo, kwa kuwa viwanda viwili vilivyopewa maelekezo yaleyale vilitoa visu vinavyofanana kama mapacha, na kila kimoja kikatafuta neno la kujitofautisha. Victorinox ilijitangaza kuwa ndiyo ya awali, Wenger ikajibu kuwa ndiyo ya kweli.

Mapacha hao hutofautishwa kwa mambo madogo. Msalaba wa Victorinox umo ndani ya ngao, wa Wenger umo ndani ya mraba wenye pembe za mviringo. Kisu cha kawaida cha Victorinox kikikunjwa kina urefu wa milimita 91, cha Wenger 85. Vile vidogo vya kuning'inizwa kwenye funguo ni 58 na 65, yaani hapa Wenger ndiyo ndefu. Lakini penye tofauti ya kiufundi hasa ni kwenye mkasi. Mkasi wa Victorinox hurudishwa na springi nyembamba kama unywele mnene, ambayo siku moja hukatika au kudondoka, na mwenye kisu akapiga magoti sakafuni kuitafuta. Mkasi wa Wenger hauna springi hiyo. Hurudishwa na wenzo mnene, na makali yake yana meno madogo yanayozuia uzi au kucha kuteleza. Hata wapenzi wa Victorinox hukiri kuwa kwa mkasi, Delémont ilishinda.

Kilichoiangusha Wenger kilitokea mbali na Uswisi. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, visu vilipigwa marufuku ndani ya ndege, na biashara ya kuviuza kwenye maduka ya viwanja vya ndege ikafa karibu kwa siku moja. Victorinox ilitikisika ikasimama; Wenger, iliyokuwa ndogo zaidi, haikusimama. Mwaka 2005 mshindani wake aliinunua. Kwa muda majina yote mawili yaliendelea, na katika kipindi hicho Wenger ikatoa kioja chake kikubwa, kisu cha zana 87 kilichozidi kilo moja, ambacho hakuna mfuko wa suruali ungekibeba. Januari 2013 ilitangazwa kuwa visu vyote vitakuwa na jina la Victorinox. Kiwanda cha Delémont hakikufungwa, na baadhi ya miundo yake inaendelea kutengenezwa kwa nembo ya ngao.

Kwa mkusanyaji, basi, kinachotafutwa ni maandishi yaliyogongwa chini ya ubapa, karibu na bawaba, yanayotaja Wenger na Delémont. Rahisi zaidi kusoma ni visu vya askari vya muundo wa mwaka 1961, vyenye mpini wa alumini na vilivyotengenezwa na viwanda vyote viwili: tarakimu mbili kwenye ubapa, tuseme 73, ni mwaka wa kutengenezwa. Visu vya raia havina mwaka, hivyo umri wake hukisiwa kwa mtindo wa maandishi, aina ya zana na boksi kama lipo.

Utunzaji wa kisu kizee unahitaji subira kuliko nguvu. Zana zikikazana, chanzo mara nyingi ni vumbi la mfukoni na mafuta yaliyoganda. Kisu huloweshwa kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni, kila zana ikafunguliwa na kufungwa humohumo mara nyingi mpaka ilainike, kisha kikaushwe vizuri na kutiwa tone la mafuta ya mashine kwenye kila bawaba. Mafuta ya kupikia hayafai. Baada ya muda hugeuka gundi. Maji yanayochemka na asetoni huharibu mipini ya plastiki.

Visu vya askari vya kabla ya mwaka 1951 vilikuwa vya chuma kinachoshika kutu. Hapo hutofautishwa mambo mawili: kutu nyekundu, ambayo huondolewa taratibu kwa mafuta na sufi laini ya chuma, na rangi ya kijivu inayotanda juu ya ubapa kwa miaka, ambayo huachwa ilivyo. Anayeking'arisha kisu cha mwaka 1940 hadi kiwe kama kioo amekipunguzia thamani kwa mkono wake mwenyewe.

Kunoa hufanywa kwenye kinoo, kila upande ukilazwa kwa nyuzi 15 hadi 20. Jiwe la umeme huepukwa, kwani joto lake hulainisha chuma na kasi yake hula ubapa. Ubapa uliolika hubaki mwembamba na mfupi kuliko mwenzake mpya, na mnunuzi mzoefu hulitambua hilo kabla ya kuuliza bei, kwa kuangalia kama ncha bado inafika mwisho wa mfereji wake kisu kinapofungwa.