Mazungumzo ya Honolulu na Milki ya Elimu

Mwezi wa Novemba mwaka wa 1972 wanavyuoni wa Marekani na wa Japani walikutana Honolulu kuzungumza juu ya plasmidi, yaani vipete vidogo vya DNA vilivyomo ndani ya bakteria, mbali na urithi mkuu wa kijidudu chenyewe. Stanley Cohen, wa Chuo Kikuu cha Stanford, alikuwa amepata njia ya kuvitia vipete hivyo katika bakteria. Herbert Boyer, wa Chuo Kikuu cha California huko San Francisco, alieleza habari za kimeng'enya kiitwacho EcoRI, ambacho hukata DNA mahali maalumu na kuacha ncha zinazoweza kushikana tena. (Neno kimeng'enya tumelizoea katika habari za tumbo na chakula, hapa limepata mahali palipolifaa zaidi, kwa kuwa kumeng'enya ni kuvunja vipande.)

Usiku mmoja baada ya kikao wawili hao waliketi mkahawani karibu na ufuko wa Waikiki, wakatambua kuwa mmoja ana kisu na mwenziwe ana chombo cha kuchukulia. Hapakuwa na mkataba wala mwanasheria. Kila mmoja alimweleza mwenziwe ayajuayo, na mtu asimuliaye habari za biashara ya elimu ya uhai hana budi kuanzia hapo.

Kazi ilifaulu katika mwaka wa 1973. Makala ya kwanza yalitoka Novemba mwaka huo. Yale ya Mei 1974 yakaonyesha kuwa jeni za chura wa kusini mwa Afrika, Xenopus laevis, zaweza kuzidishwa ndani ya bakteria. Magazeti yalitangaza habari hiyo, nayo ikamfikia Niels Reimers, aliyesimamia hataza za Stanford. Cohen hakupendezwa na shauri lake kwanza, akisema kuwa kazi hiyo imejengwa juu ya juhudi za watu wengi kwa miaka mingi. Mwishowe alikubali.

Hapa sheria yastahili kutazamwa kwa makini. Sheria ya Marekani ya wakati ule ilimpa mvumbuzi mwaka mmoja tangu kutangaza kazi yake. Katika nchi nyingi za Ulaya, kilichokwisha kutangazwa hakikuweza tena kupewa hataza. Ombi lilipelekwa tarehe 4 Novemba 1974, siku chache kabla ya mwaka kutimia. Marekani haki iliokolewa. Ng'ambo ilikuwa imekwisha potea, kwa sababu tu wanavyuoni walikuwa wamefanya desturi yao ya kuandika na kusema.

Hofu ya madhara iliyozuka baada ya Boyer kueleza kazi hiyo mkutanoni New Hampshire, Juni 1973, na iliyowakusanya wataalamu Asilomar mwezi wa Februari 1975, imekwisha andikwa sana. Fedha ndizo zilizobadili mwenendo wa vikao. Mwaka wa 1976 Boyer na kijana Robert Swanson walianzisha kampuni ya Genentech, kila mmoja akitoa dola 500. Mwaka wa 1978 insulini ya binadamu ilitengenezwa kwa bakteria, na mwaka wa 1982 ikaanza kuuzwa kwa wagonjwa wa kisukari, ambao hapo kabla walitegemea kongosho za nguruwe na ng'ombe. Hataza ya Cohen na Boyer, iliyotolewa tarehe 2 Desemba 1980, ilikodiwa na makampuni zaidi ya 400 na kuleta dola milioni 255 hivi hata ilipokwisha mwaka wa 1997.

Siku kumi baada ya hataza hiyo kutolewa, sheria ya Bayh na Dole iliviruhusu vyuo vya Marekani kumiliki uvumbuzi uliogharimiwa na serikali. Tangu hapo mwanachuoni hushauriwa asiseme neno katika semina kabla ombi la hataza halijapelekwa. Sioni kosa la mwenye kushauri hivyo, maana tumeona kilichopotea ng'ambo. Lakini nashangaa lingekuwaje lile jioni la Waikiki kama wageni wake wawili wangalishauriwa vivyo hivyo.

Makala ya Novemba 1973 yana majina manne: Cohen, Annie Chang, Boyer na Robert Helling. Hati ya 1980 ina mawili.