Kifua cha mama si mashine ya maskini

Wiki hii nataka tuzungumze habari ya mtoto njiti, yaani yule aliyezaliwa kabla miezi yake haijatimia, na hasa ile siku mama anapoambiwa na muuguzi, "Haya, sasa unaweza kwenda nyumbani."

Siku hiyo mara nyingi furaha huchanganyika na manung'uniko. Mtoto hata kilo mbili hajafika. Kafungwa kwa kanga kifuani pa mama yake, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani na soksi miguuni. Hapo hatakosekana shangazi wa kusema, "Wametufukuza kwa sababu hatuna fedha. Watoto wa wakubwa huwekwa kwenye mashine." Maneno ya namna hiyo nimeyasikia sana katika kazi yangu ya utangazaji. Mimi si daktari, lakini naona historia inayo majibu yake.

Tuanzie mbali kidogo, mjini Bogotá, makao makuu ya Kolombia, huko Amerika ya Kusini. Mwaka 1978 hospitali ya uzazi iliyoitwa Instituto Materno Infantil ilikuwa ikihudumia wanawake maskini wa mji huo. Mashine za kuwatia watoto joto hazikutosha, hivyo watoto wawili au watatu walilazwa katika mashine moja na kuambukizana maradhi. Akina mama walitenganishwa na watoto wao, na wapo ambao hawakurudi tena kuwachukua.

Daktari Edgar Rey Sanabria akapima mambo. Kama mtoto anahitaji joto, mwili wa mama unalo. Kama anahitaji chakula, maziwa yapo. Na kama msongamano ndio unaomletea maradhi, basi aondolewe humo. Mwaka 1979 alijiunga naye Daktari Héctor Martínez. Mtoto aliyekwisha kutulia alifungwa wima kifuani pa mama, akaruhusiwa kwenda nyumbani akiwa na uzito ambao hospitali nyingine zisingethubutu kumtoa. Njia hiyo ikapewa jina la kangaruu, yule mnyama wa Australia anayelea kitoto chake mfukoni.

Wataalamu wa Ulaya hawakuipokea wote kwa vigelegele. Mwaka 1985 jarida la kitabibu la Lancet la Uingereza lilichapisha makala yenye kuonya kwamba sifa zimezidi kipimo, kwa kuwa waliohesabiwa ni watoto waliokwisha kuvuka siku za hatari kubwa. Hoja hiyo ilikuwa ya haki, na dawa yake ilikuwa ni kupima, si kubishana.

Basi wakapima. Huko huko Bogotá, Daktari Nathalie Charpak na wenzake waliwagawa kwa kura watoto 746 wenye uzito usiozidi kilo 2. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 1997 yalionyesha kuwa njia ya kangaruu haikuongeza vifo, na watoto walitoka hospitali mapema zaidi. Mwaka 2019 ukatoka utafiti wa India, uliofuatilia watoto 8,402 waliozaliwa na uzito mdogo. Pale ambapo mama alifundishwa njia hii akiwa nyumbani kwake, vifo vya siku 28 za mwanzo vilipungua kwa asilimia 30.

Na sisi tumo katika historia hii. Mwaka 2021 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa hospitali za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, uliohusu watoto zaidi ya 3,000 wa uzito wa kilo 1 hadi pungufu kidogo ya kilo 1.8. Waliowekwa kifuani mara baada ya kuzaliwa, wakiwa bado wanapata huduma za hospitali, walikufa asilimia 12. Wale waliosubiri kwanza watulie kwenye mashine, asilimia 15.7. Kwa hiyo, shangazi, kanga ile si alama ya umaskini.

Hata hivyo, jambo moja lisisahauliwe. Madaktari wa Bogotá hawakumtoa mtoto wakamwacha. Walimtaka mama arudi kliniki mara kwa mara, mtoto apimwe uzito na kuangaliwa. Serikali yoyote itakayochukua ile kanga ikaacha kliniki, oksijeni na wauguzi, imechukua nusu ya dawa.

Nusu nyingine iko kwetu majumbani. Mama hawezi kumbeba mtoto kifuani usiku na mchana huku akichota maji, akipika na kufua. Kidole kimoja hakivunji chawa. Baba naye ana kifua chenye joto, na bibi pia anacho. Wageni wanaofurika kumwona mtoto wangoje, na wanaomshika wanawe mikono kwanza. Kitovu kisipakwe majivu wala mafuta. Na mtoto akikataa kunyonya, akihema haraka, akiwa wa moto au wa baridi, akigeuka manjano au akidegedega, msingoje kupambazuke. Mpelekeni hospitali usiku huo huo, naye akiwa kifuani njia nzima.