Seli shina na kiharusi cha kuvuja damu

KIHARUSI cha kuvuja damu hutokea mshipa upasukapo ndani ya ubongo, aghalabu kutokana na shinikizo la juu la damu. Mwaka 2003, watafiti wa Korea Kusini waliripoti kwamba panya wa maabara waliosababishiwa hali hiyo, kisha wakadungwa seli shina za neva za binadamu mshipani, walimudu mwendo kuliko wenzao wasiopewa. Watafiti wengi huamini kuwa seli hizo hutoa kemikali zinazopunguza uvimbe na kulinda sehemu za ubongo zilizosalia.

Hata hivyo, panya si binadamu. Tiba hiyo haijathibitishwa kwa wagonjwa. Kwa mkazi wa Gitothua, Ruiru, kinga iliyopo ni kupima shinikizo la damu na kumeza dawa alizoandikiwa bila kukatiza. Mdomo ukipinda au mkono ukilegea ghafla, akimbizwe hospitalini.